Spika ya Siku ya Kwanza Yatafutiwa Sauti

Saa mbili asubuhi, vumbi la ufagio halijatua, na Mama Redio tayari ameinamia meza ya karakana ya makumbusho, kichwa kimezama ndani ya spika yenye mdomo mpana kama wa tarumbeta.

"Mkiniona nimenyamaza, msinisemeshe," anasema, sauti ikitoka humo kama ya mtu aliyetumbukia pipani.

Spika hii ilifungwa juu ya nguzo uwanjani siku taifa lilipozaliwa. Hotuba ya kwanza ilipitia humu kuwafikia watu wa nyuma, wasioona kitu ila visogo vya wenzao. Jumamosi taifa linatimiza miaka sitini, na makumbusho yanataka wananchi waisikie tena.

Lakini spika ni bubu. Mkuu wa makumbusho ametoa muda hadi leo mchana. Ikishindikana, spika mpya itafichwa nyuma yake.

"Watu watasikia hotuba, wataridhika," anasema mkuu, amesimama mlangoni. "Nani atajua?"

"Mimi, mkuu. Na wewe. Tayari tuko wawili."

Mkuu anacheka, ila saa yake anaitazama.

Mama Redio, mwenye miaka hamsini na minne, alirithi ufundi kwa baba yake. Majirani walimcheka: binti na waya, wapi na wapi? Baadaye hao hao wakamletea pasi na feni zao. Makumbusho yalimwajiri abadilishe balbu. Leo hakuna saa ya ukutani humu asiyoijua tabia.

Kuweka koili mpya, ule msokoto wa waya unaotoa sauti, ni kazi ya nusu saa tu. Amekataa.

"Ukimbadilisha mtu koo, bado ni sauti yake?" anauliza.

Basi kwa wiki nzima ameufuata kwa lenzi uzi wa shaba wa koili ya zamani, mwembamba kama unywele, mpaka akapaona ulipokatika. Sasa anaulehemu, pumzi ameibana.

Pembeni, juu ya kigoda, ameketi shangazi yake. Siku ile alikuwa uwanjani, mabegani mwa baba yake. Ameletwa aamue kama sauti ni yenyewe.

"Acha kuipapasa," anasema bibi huyo. "Kama ni mgonjwa, ameshapona au ameshakufa."

"Shangazi, utanichekesha niunguze kitu."

Anaiunganisha na kanda ya hotuba ile, anawasha. Kimya. Kisha kikohozi, mkwaruzo, na ghafla hotuba inajaa karakana nzima. Wafagiaji wanakuja mbio na mafagio yao. Mkuu amesahau saa. Anapiga makofi kama mtoto.

Macho yote yanamgeukia shangazi.

"Ndiyo yenyewe," anasema, akifuta machozi kwa ncha ya mtandio. "Ilikwaruza hivi hivi. Sisi wa nyuma tuliambulia nusu ya maneno. Nusu nyingine tulishangilia tu."

Sasa Mama Redio hatulii. Anataka baada ya Jumamosi kipaza sauti kiwekwe ukumbini, na kila aliyekuwepo siku ile aje aseme alichokiona, kupitia spika hii hii.

"Hotuba tunayo," anasema. "Tunaowakosa ni wale wa nyuma, na hao ndio walikuwa wengi."

Mkuu amekubali. Shangazi ameomba awe wa kwanza, na ameshaonya kwamba hatakuwa mfupi.