Kidole cha Kushoto cha Baba Abi

Ukipita Kamalondo ukaona baraza lenye cherehani mbili, moja ya mwanamke mnene anayefoka na nyingine ya mwanamke mwembamba asiyesema, yule anayefoka ni mimi. Watu huniita Mama Lombe. Yule mwembamba ni Chisanga, na habari hii ni yake. Ningemwachia aisimulie mwenyewe, lakini mngesubiri sana.

Chisanga alizaliwa Mokambo, mpakani na Zambia, akaolewa hapa Lubumbashi na Stanislas, mtoto wa watu wa Kasai, fundi umeme wa migodini. Stanislas alikuwa mtu mwenye sauti. Akisalimia barabarani, walio jikoni wanaitikia. Simsingizii, alikuwa mchapakazi, na binti yao wa pekee, Abigaël, alimsomesha mpaka mwisho. Lakini alikuwa mtu wa neno moja, na neno lenyewe mara nyingi lilikuwa hapana.

Mwaka jana, wakati wa mvua, kiharusi kikamwangusha bafuni. Upande wa kulia ukalala na sauti ikapotea. Daktari alituambia kwamba Stanislas anasikia na anaelewa kila kitu, ila njia ya kutoa maneno imekatika. Kilichobaki kinywani ni "eee", na hiyo "eee" ilikuwa ya njaa, ya choo, ya maumivu na ya hasira, zote sawasawa. Chisanga alimwosha, alimlisha, alimgeuza kitandani, kisha alitoka barazani kushona.

"Uko namna gani?" nilimwuliza siku moja.

"Niko."

"Unasikia nini mu roho?"

"Sisikie kitu, Mama Lombe. Letea makasi."

Msidhani alikuwa jasiri. Alikuwa amekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Mimi ndiye niliyelia kwa niaba yake, na kulia kwangu kulimchosha.

Abigaël ni katibu katika ofisi moja mtaa wa Golf. Bosi wake alipohama aliuza vitu vya nyumbani kwake, na Abigaël akarudi kwenye teksi amekumbatia kompyuta iliyofungwa kwa blanketi. Ni kioo kitupu chenye mguu. Hakuna sanduku la kuweka chini ya meza, wala nyaya za kujikwaa. Ina waya mmoja wa umeme, na umeme ukikatika tunauchomeka kwenye betri ya sola ya barazani. Unaigusa kwa kidole, nayo inatii.

Mimi niliicheka. Nilisema ni televisheni ya matajiri ya kukusanya alama za vidole. Nilifoka asubuhi, na jioni nikawa wa kwanza kuiomba. Mteja akija na picha ya gauni, tunaifungua pale, anaivuta kwa vidole viwili mpaka mshono wa kola unakuwa mkubwa kama kiganja, na hakuna tena kugombana kwamba sikushona alichotaka. Jumapili tukiwa na uvivu tunatazama misa. Mjukuu wangu amejifunza herufi kwenye kioo hicho kwa kuzichora kwa kidole kilichojaa mafuta ya mandazi, na Chisanga hukifuta.

Lakini Abigaël aliileta kwa ajili ya baba yake. Aliiweka juu ya kimeza cha magurudumu kinachosogezwa mpaka magotini pa Stanislas, akapanga picha kubwakubwa: kikombe, sahani ya ugali wetu wa bukari, ndoo ya choo, dirisha, mpira, uso unaolia. Chini akaweka duara la kijani la ndiyo na duara jekundu la hapana. Baba Abi alikigusa kikombe kwa kidole cha kushoto, na kompyuta ikasema, "Mama, niletee mayi." Akigusa kijani, "Ndiyo, Mama." Akigusa nyekundu, "Hapana, sitake."

Zote zilikuwa sauti ya Abigaël. Alijirekodi mwenyewe, kwa haraka, na hakuna kati yetu aliyewaza zaidi ya hapo. Tulifurahi kwamba Baba Abi anasema. Stanislas aliugusa mpira mpaka tukachoka. Ila niliona jambo moja: kikombe kikisema, Chisanga aliitikia, "Nakuja, Abi," hata kama Abigaël yuko ofisini, na alipeleka maji bila kumtazama mumewe usoni. Nilimcheka. Hakujua kwa nini namcheka.

Kisha akaja Ruben, kaka mkubwa wa Stanislas, kutoka Mbuji-Mayi, kwao Kasai, pamoja na wazee wawili wa ukoo. Kwao mgonjwa asiyepona hurudishwa kwa ndugu zake. Sina neno na desturi ya watu, hata sisi tuna zetu. Lakini namna alivyoingia na kuzitazama kuta, nilijua kwamba mgonjwa akishaondoka, nyumba nayo itafuata.

"Mama Abi, ulitumika kazi muzuri," alisema baada ya kunywa maji. "Mungu aliona. Sasa utuachie muntu wetu. Ba dada zake batamuangalia."

"Eko bwana yangu," Chisanga alisema.

"Eko ndugu yetu mbele ya kuwa bwana yako. Na yeye mwenyewe hawezi kusema. Nani atakatala mu nafasi yake?"

Hapo nikaingilia, kwa sababu kunyamaza si kazi yangu. "Anasema! Mumuulize. Anasema na ordinateur."

Ruben aliinama akachungulia chini ya kimeza akitafuta kompyuta, maana alidhani kile kioo ni televisheni. Nilimwonyesha. Abigaël akakisogeza kimeza, akapiga magoti mbele ya baba yake na kumwuliza kama anataka kwenda Mbuji-Mayi. Stanislas hakusita. Kidole kilikwenda kwenye nyekundu.

"Hapana, sitake," ikasema sauti ya Abigaël.

Ruben alisimama. Wale wazee nao wakasimama. Uso wake ulikuwa umebadilika, na kwa kweli halikuwa igizo.

"Mutoto mwanamuke ananijibu miye hapana? Mbele ya bakubwa?"

"Si miye, Baba Mukubwa, ni Papa," Abigaël alisema, bado yuko chini. "Ni kidole yake."

"Miye siangalie kidole. Nasikia sauti. Mu kikao ya bakubwa, mutoto haisemee baba yake. Ungeliweza kumutilia kila kitu unataka mu kinywa."

Nilitaka kumrukia. Lakini niseme ukweli: hata mimi, pale nilipoisikia ile sauti nyembamba ikimkatalia mzee, mwili ulinisisimka. Ndivyo tulivyolelewa. Binti anaweza kuwa na haki mpaka kesho, mbele ya kikao sauti yake ni ya kuleta viti. Abigaël akalia. Ruben akasema watarudi Jumapili baada ya ibada, na gari la kumpeleka mgonjwa.

Walipoondoka Chisanga alirudi kwenye cherehani. Nilimfuata nikifoka. Nikamwambia huyu bwana hakumtendea mema kiasi hicho, amwache aende, apumzike, alale usiku mzima walau mara moja. Akanitazama kama vile nimemwuliza bei ya uzi.

"Niliisha kuikala na bajane yeye akiwa muzima," akasema. "Sitake tena."

Jambo hilo nilikuwa nalijua. Miaka miwili kabla ya kiharusi, mama yake Chisanga alifariki Mokambo. Stanislas alikuwa amegombana na shemeji zake na hakutaka kuwaona. Chisanga alitangulia, akampigia simu, akamwomba, akamtumia ujumbe. Kwao mkwe lazima aonekane kaburini. Stanislas akajibu kwa ujumbe wa sauti, na Chisanga akaufungua uani, kaka zake wamesimama hapohapo, maana alidhani anasema yuko njiani. Baada ya hapo kaka zake walimwondoa kwenye mkeka wa mabinti wenye waume, wakamketisha na wajane. Alikaa huko mpaka matanga yakaisha. Hakunisimulia kwa machozi. Alinisimulia akipiga pasi.

Sasa akafungua droo ya cherehani, chini ya vifungo na chaki, akatoa simu ya zamani ya Stanislas. Stanislas alikuwa mtu wa kupiga, si wa kutuma. Ndani ya simu ile sauti yake ilikuwamo mara moja tu. Chisanga akampa Abigaël.

"Utie hii mu ordinateur."

Abigaël aliisikiliza ikiwa karibu na sikio, kisha akatazama chini. "Mama, hii njo ya wakati wa Koko?" Alimaanisha bibi yake aliyezikwa Mokambo.

"Tia tu."

"Lakini Mama..."

"Abi. Tia."

Akaitia. Juu ya kioo akaongeza picha mpya, uso wa Stanislas mwenyewe, ule wa kadi yake ya kazi, na akamweleza baba yake kwamba akitaka kukataa safari aguse uso wake. Hakumsikilizisha kwanza sauti yenyewe. Sijui kama alisahau au aliogopa.

Jumapili Ruben alikuja na wazee walewale na gari likasimama nje. Walikuwa wameleta hata shuka jipya la kumfunika njiani. Chisanga alikuwa amemvalisha mumewe shati jeupe. Akakisogeza kimeza yeye mwenyewe, akasogea pembeni.

"Yaya," akamwambia Ruben, kama anavyomwita kaka mkubwa wa mumewe, "umuulize weye mwenyewe."

Ruben alishusha pumzi ya mtu anayebembeleza watoto. "Stanislas, tunaenda kwetu?"

Kidole cha kushoto kilitembea polepole juu ya kioo, kikapita kikombe, kikapita mpira, kikaugusa uso.

"Siende!" Nyumba nzima ilijaa. "Nilisha kusema siende! Musinisumbue!"

Mzee mmoja aliachia kofia yake ikaanguka. Ilikuwa sauti ileile ya barabarani, yenye hasira, nzima, haina ugonjwa. Nilisikia mtu huko uani kwa jirani akisema, "Eh, Baba Abi amepona?" Ruben aliketi. Kwa mara ya kwanza nilimhurumia, maana alikuwa kaka tu aliyemsikia mdogo wake baada ya muda mrefu.

"Njo yeye," akasema. "Njo yeye kabisa."

Lakini mimi nilikuwa namtazama Stanislas. Alikitazama kioo, kisha akageuza shingo kwa shida akamtazama mke wake. Alijua. Aliitambua ile siku, na aliona kwamba Chisanga amekuwa akiitunza kwenye droo, chini ya vifungo. Machozi yakamtoka upande mmoja. Chisanga alichukua kitambaa kilekile cha kumfutia mate, akamfuta.

Ruben na wenzake walikula bukari na samaki, wakaomba, wakaondoka na shuka lao. Hawajarudi. Wakipiga simu sasa wanaomba waisikie ile sauti, na Stanislas haugusi tena ule uso.

Nilitegemea kwamba Chisanga atacheka walau kidogo. Alikuwa ameshinda, jamani! Nilimpikia hata keki. Alikula kipande, akasema sukari imezidi.

Kiangazi kilipofika kaka zake walipiga simu kutoka Mokambo kwamba wanasimika msalaba kwenye kaburi la mama yao, na wote wafike. Asubuhi hiyo tulikuwa barazani. Stanislas alikuwa kwenye kiti chake mlangoni, kimeza magotini, akivuta picha za mpira. Chisanga hakuacha kushona. Alisema tu, akiwa bado ameinamia kitambaa:

"Baba Abi, tutaenda Mokambo kumutilia Mama musalaba. Gari tutapata, na kiti yako itaingia. Utaenda?"

Kidole kikaondoka kwenye mpira. Kilipita juu ya ule uso wa kadi ya kazi bila kuugusa, kikashuka mpaka kwenye duara la kijani, kikakandamiza mpaka ukucha ukawa mweupe.

"Ndiyo, Mama," kompyuta ikasema.

Stanislas akagusa tena. "Ndiyo, Mama." Akagusa tena.

Chisanga alifika mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno.

"Hiyo ni sauti ya mutoto," akasema, akachukua kitambaa kingine.