Wimbo wa Kakanda

Wiki tatu baada ya kumzika mume wangu, ndipo nilipojua kwamba alikuwa akiimba.

Nilisoma kwenye blogu ya mke mwenzangu. Mimi nilikaa Panda, katika nyumba ya zamani ya kambi ya wafanyakazi. Yeye alikaa Kakanda. Mume wetu alikuwa dereva wa lori la chokaa ya Kakontwe, na zamu zake kwetu alizigawa sawasawa kama dini inavyotaka. Alipofariki kwa ugonjwa wa kifua, kila mmoja wetu aliingia eda katika nyumba yake: miezi minne na siku kumi ndani, bila manukato, bila mapambo, bila kutoka ila kwa dharura. Wazee wa ukoo waligawa vitu vyake vidogo. Mwenzangu alipewa redio na koti. Mimi, kwa kuwa ni mkubwa, nilipewa simu.

Jirani yangu anauza vocha na mega za intaneti kwenye kabine yake, meza yenye mwavuli pale konani. Yeye ni mtu wa kanisa la maombi, lakini katika eda yangu hakukosa asubuhi hata moja kupita kwangu na fungu la sombe, yaani kisamvu, au na habari. Siku hiyo alileta habari.

"Mama, mwenzako iko naandika bwana yenu ku internet. Bantu banalia!"

Alinifungulia ukurasa kwenye simu ya marehemu. Mwenzangu amesoma mpaka akapata diploma ya sekondari. Mimi niliishia mwaka wa sita wa shule ya msingi, kwa hiyo nilisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Aliandika kwamba Ijumaa asubuhi marehemu alipiga pasi kanzu yake mwenyewe, kwa pasi ya makaa, huku akiimba kwa sauti ya chini, na akikosea maneno alianza upya tangu mwanzo. Chini yake watu wengi, wengine wa mbali, walikuwa wameandika pole.

Nilisoma mara tatu. Alipokuwa hai nilikuwa na wivu pia, sitaficha. Lakini wivu ule ulikuwa na siku zake. Aliondoka Alhamisi, nikaumia. Alirudi Jumapili, ukanitoka. Huu wa sasa haukuwa na Jumapili.

Kwangu alivua viatu mlangoni, akaweka soksi ya kulia ndani ya kiatu cha kushoto, akaomba ukoko wa wali, akanyamaza. Kwa miaka ishirini na sita nilidhani nimeolewa na mtu mkimya.

"Nifundishe na minye," nilimwambia jirani.

"Kufanya nini, Mama?"

"Kuandika mule."

Alicheka, kisha akaniona sicheki. "Minye niko wa kanisa, weye uko wa musikiti," alisema, "lakini telefone haina dini. Leta."

Alinifungulia akaunti kwa jina langu. Neno la siri nililiandika kwenye kipande cha mfuko wa saruji, nikakificha chini ya kopo la sukari. Jina la blogu lilinichukua siku nne, na mwishoni nikaandika tu "Nyumba ya Panda". Nilijifunza kuhifadhi baada ya kupoteza kazi ya asubuhi nzima kwa kugusa mahali pabaya. Nilijifunza kwamba picha ikiwekwa kubwa mno, maandishi hukimbilia chini, na kwamba rangi nyekundu juu ya nyeusi humuumiza msomaji macho.

Nilichoandika kwanza kilikuwa uongo. Niliandika kwamba kwangu pia aliimba. Sentensi ile ilikaa mbele yangu mpaka adhana ya adhuhuri, nami sikuweza kwenda kusali nikiwa nimeiacha pale. Niliifuta. Badala yake niliandika habari ya soksi na viatu, mistari sita, nikabonyeza kuchapisha.

Kuna mahali blogu inahesabu wageni. Baada ya siku mbili iliandika kumi na moja. Nilimwonyesha jirani, nikijizuia kutabasamu kwa sababu ya eda.

"Mama," alisema, "ile kumi ni weye. Kila mara unafungua, inahesabu."

"Na huyu mmoja?"

"Ule ni minye."

Wiki hiyo hiyo mwenzangu aliandika tena. Safari hii marehemu aliimba akipepeta mchele. Mchele! Kwangu hakushika hata ungo. Watu walilia tena, wakamwita mke mwema, wakasema marehemu alikuwa mtu wa furaha. Nilishuka mpaka chini kabisa, mahali pa kuandika maoni, nikaandika: "Unadanganya watu. Hapakuwa na wimbo." Nilituma bila kuweka jina, nikiamini hakuna atakayejua ni nani. Kisha nikaenda kuchambua maharagwe, na kwa muda wa chungu kimoja nilikuwa na raha.

Siku ya tatu alikuja shemeji yangu, mdogo wa marehemu, ambaye naye ni dereva wa njia hiyo. Hakukaa. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Shemeji, kule Kakanda mambo iko mubaya. Yaya ameandika."

"Yaya gani?" Kwetu kila kaka au dada mkubwa ni yaya.

"Marehemu! Jina yake, picha yake, na kofia yake ya musikiti. Amemuandikia bibi mudogo: unadanganya bantu."

Shemeji aliendelea. Majirani wa Kakanda walikuwa wanasema marehemu amemkataa mjane wake. Mama yake mwenzangu alikuwa ameomba asomewe dua. Mwenzangu mwenyewe alikuwa amefuta kila alichoandika, pasi na mchele na vyote, na tangu jana hakuwa ametia kitu mdomoni.

"Telefone ya yaya iko wapi?" aliuliza. "Si uliifungia mu sanduku?"

Simu ilikuwa mapajani mwangu, chini ya kikwembe nilichojifunga. Shemeji alikuwa amenipa uongo ambao tayari umepikwa. Nilihitaji kuitikia tu. Nyimbo zilikwisha kufutwa. Nilikuwa nimepata nilichokitaka. Ningenyamaza, mwenzangu angebaki mwongo aliyekataliwa na maiti, nami ningebaki mke.

"Ni minye," nilisema.

"Weye njo nini?"

"Minye njo niliandika ile maneno." Nikaitoa simu.

Aliipokea, akaigeuza, akabonyeza hapa na pale. Mle ndani mlikuwa na akaunti mbili: yangu mpya, na ya marehemu ambayo hakuna aliyekumbuka kuifunga. Kwenye blogu yangu niliingia kwa jina langu. Kwenye ya mwenzangu, simu ilikuwa imechagua akaunti ya zamani, ya marehemu.

"Minye nilifikiri ni jini," shemeji alisema, na kicheko kikamtoka kabla hajakizuia. "Kumbe ni shemeji!" Kisha aliacha kucheka, akanitazama kwa namna ambayo hakuwahi kunitazama.

Nilinyoosha mkono nichukue simu nimpigie mwenzangu. Aliirudisha nyuma.

"Unataka kumuua? Ukipiga na hii, jina yake itatokea tena!" Akanipa ya kwake.

Mwenzangu alipokea. Nilisikia kuku wa kwao.

"Ni minye," nilisema. "Ile maneno. Si yeye. Ni minye, na telefone yake."

Nilimsikia akiwafukuza kuku.

"Juu ya nini, Yaya?"

"Wivu."

Sikuwa na neno lingine, na hata sasa sina.

"Siku ya kwanza nilifurahi," alisema.

"Ulifurahi nini?"

"Ameniandikia. Nilisema, ata kama ni kunitukana, ameniandikia minye."

Nitasema kama ilivyokuwa. Hata hapo, katikati ya aibu, kitu kilinichoma upya. Kwa siku mbili mwenzangu alikuwa na maneno kutoka kwa marehemu. Mimi sikuwahi kupata hata moja.

"Uandike kwako," aliniambia. "Na jina yako. Bantu basome. Halafu tutaonana siku ya kuoga."

Siku ya kutoka eda tulitakiwa kuogeshwa pamoja, kwangu Panda, na wanawake wa pande zote mbili. Nilijua nikishindwa kuandika, sitaweza kukaa naye kwenye mkeka mmoja.

Nilianza asubuhi yake. "Mimi ndiye niliyeandika maneno yale. Nilifanya kwa wivu, kwa sababu kwangu hakuimba kamwe." Kidole kilisimama hapo. Neno "kamwe" lilikataa kunipita, kama ile sentensi ya kwanza.

Aliimba. Mwaka wa kwanza wa ndoa yetu aliimba. Kisha mtoto wetu wa kwanza akafa kwa homa, na siku ya nne baada ya maziko marehemu alikuwa uani anagongelea mguu wa kigoda, na chini ya pumzi yake wimbo ukaanza kutoka, pengine bila yeye kujua. Nilimwambia kutoka ndani: "Nyamaza. Hapa si mahali pa kuimba." Akajibu: "Sawa." Alimaliza kigoda. Baadaye sikumwambia kwamba anaweza kuimba. Walizaliwa watoto wengine, wakakua, wakaoa na kuolewa, na mimi nikasahau kwamba niliweka katazo.

Hayo yote niliyaandika pia. Yalikaa siku mbili bila kuchapishwa. Kukiri kwa mwenzangu niliweza. Kukiri kwa marehemu kulikuwa kugumu zaidi. Siku ya tatu nilibonyeza.

Watu walikuja kusoma, safari hii si mimi. "Bi mkubwa, wivu utakuzika," aliandika mmoja. Mwingine aliandika kwamba ninastahili kufukuzwa kwenye ukoo. Jirani alikimbia kutoka kwenye kabine yake kunionyesha hesabu, kana kwamba ni sherehe. Mwenzangu hakuandika neno, lakini kesho yake kanzu, pasi na mchele vilirudi mahali pake.

Jirani alinionyesha pia pa kuifunga akaunti ya marehemu, atoke kwenye simu. "Bonyeza hapa, Mama, anatoka." Sikubonyeza. Nilimuuliza mwenzangu kwa ujumbe, kwa jina langu.

"Muache mule, Yaya," alijibu. "Lakini weye usimusemeshe tena maneno yako."

Nimemwacha. Kisha nilifungua blogu ya mwenzangu nikasoma tena ile ya pasi, mahali marehemu anapokosea maneno na kuanza upya tangu mwanzo, nikajaribu kuisikia sauti yake. Niliisikia ikisema "Sawa" tu.