Maji ya Mlangoni

Jirani yangu hapa Juba ananyunyiza maji mlangoni kwake ili vumbi litulie, na harufu ya udongo uliolowa inanifikia jikoni. Kule kwenye kambi ya wakimbizi Kenya, mama alifanya hivyo kila jioni kwa maji aliyosuuzia vyombo. Aliyachota kwa kiganja, akanyunyiza, kisha sisi watoto tukatandika mkeka na kulala chali, migongo ikipata ubaridi.

"Msizoee hapa," alituambia. "Kwetu kuna mto. Hakuna vumbi kama hili."

Tulicheka tu, tukazidi kugaragara.

Mama alizikwa kulekule. Mto aliousema nimeuona baada ya kurudi huku, na vumbi pia.

"Dada, nikunyunyizie na kwako?" jirani ananiuliza.

"Acha tu, dada," namjibu, nikifunga dirisha. "Nimeshazoea."