Mkono wa Benitha Hupimwa Kwanza

Saa moja asubuhi, kabla hajanywa hata maji, Benitha Umwiza ameketi kwenye kigoda mlangoni pake, kijijini Rubondo, amejifunga mkononi mashine ya kupima presha. Kitambaa kinajaa upepo, kinabana, kinalegea. Mia na kumi na mbili. Anaandika kwenye daftari, kama jana na juzi.

Mhudumu huyu wa afya wa kujitolea, mwenye miaka 29, anatembelea kaya 58 katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda. Ana mashine mbili. Ya zamani imetoka Ujerumani. Mpya, aliyoletewa mwaka huu, imetoka China.

"Ile ya zamani niliiamini juu ya kwao tu, kwa kuwa ni ya Wazungu," anasema kwa sauti ya chini.

Mwaka jana ilimwonyesha kuwa jirani yake Marie, aliyekuwa mjamzito, hana presha. Jioni Marie akaanguka shambani kwa kifafa cha mimba. Mama alipona. Mtoto hakupona. Tangu siku hiyo mashine hiyo hukaa mkobani mwake, na Benitha hajawahi kujipima nayo. Anaogopa jibu.

Leo anaitwa kwa Élyse, mwenye mimba ya miezi minane. Miguu imevimba, kichwa kinamuuma tangu jana. Mashine mpya inasoma 168. Benitha anarudia. 170.

"Hii iko ya wapi?" anauliza Nyirakamana, mama mkwe wa Élyse.

"Ya Wachina, mama."

"Torchi ya Wachina nilinunua sokoni Kakoba, ikakufa hata sijafika hapa. Sasa bampasue mukwe yangu kule hospitali ya Mbarara juu ya torchi? Leta ile yako ya zamani, ya Wazungu."

Benitha anaitoa mkobani, anampima Élyse. Inasoma 121.

"Unaona? Iko muzima. Élyse, simama upike."

Élyse anajaribu kusimama, anashika ukuta. Benitha anamtazama na kumwona Marie.

"Na sisi, mama, batu balituuliza tumetoka wapi, kisha bakachoma manyumba," anasema, macho yake chini. "Habakuuliza tunafanya nini."



Benitha anajifunga mashine mpya mbele yao. 113, karibu sawa na ya asubuhi. Kisha, taratibu, anajifunga ya zamani.

Sitini na nne.

"Mutu wa sitini na nne hasimami, mama. Mimi nimesimama." Sasa anajua kilichompata Marie: mashine ya zamani husoma chini.

Nyirakamana anainama, anaisoma namba ile mwenyewe. Kisha anaingia ndani, anatoka na kitenge cha mkwewe na kumwita mwenye pikipiki.

Kituo cha afya hakikumchelewesha Élyse. Gari la wagonjwa likampeleka Mbarara. Hadi alasiri simu haijalia, nayo iko mapajani mwa Benitha.

Anapanga kupeleka mashine yake kituoni kila mwezi, ilinganishwe na ya kule. "Hata hii mpya siku moja itanidanganya," anasema. "Ninaogopa siku ile itanikuta nimeshaizoea."

Kivuli kinaingia mlangoni. Ni Nyirakamana. Anaketi bila kukaribishwa, anakunja mkono wa gauni na kunyoosha mkono wake mwembamba.

"Kichwa kinaniuma juu ya kungoja," anasema. "Nipime. Lakini wewe kwanza, mutoto yangu. Nione."