Mechi Iliyobaki Ng'ambo ya Mto

Majina ya wachezaji wote wa timu ile ninayo kichwani, kuanzia golikipa mpaka wale wa akiba. Sitayaandika, maana watoto wao wako hapa hapa kwenye mtaa wetu wa Kasuku na hawapendi maneno. Mimi nilikuwa ninafua mayo zao, zile fulana za kuchezea. Bwana yangu alifanya kazi kwenye reli, timu ilikuwa ya watu wa reli, na mtoto wetu wa kwanza njo alikuwa kapteni.

Mpira wa mji ulipangwa hivi. Kulikuwa divizio tatu. Michezo ikiisha, timu mbili za juu zinapanda, mbili za chini zinashuka. Ofisi ya mpira ilikuwa na sheria zake: timu isiyofika uwanjani inakula forfe, ni kusema imepoteza bila kucheza. Lakini mto Lualaba unaupasua mji wetu katikati, na daraja hakuna. Kwa hiyo sisi wenyewe tuliongeza sheria ambayo ofisi haikuiandika: mwenye kupokea wageni wa ng'ambo njo anatuma mtumbwi kuwachukua, na wamama wake wanapika.

Vita ilipofika, reli ilisimama. Mpira haukusimama. Watu walisema, tukiacha na mpira, tutabaki kusikiliza risasi tu. Mwaka ule tulikuwa chini kabisa katika divizio ya pili. Ilibaki mechi moja, kwetu, na timu ya Alunguli, ng'ambo. Tukishinda tunabaki, tukikosa tunashuka.

Siku ya mechi basoda, wale askari wenye bunduki, walifunga mto, wakavuta mitumbwi yote mchangani. Wetu haukuenda. Wali na sombe ya majani ya muhogo vilikuwa vimeiva. Nikavifunika, nikavipeleka uwanjani pamoja na mayo. Vijana wakavaa, wakapanga mstari. Mbele yao hakuna mtu. Mwamuzi akangoja, akatazama saa, akapiga filimbi.

"Alunguli hawakufika. Forfe. Mumebaki divizio ya pili."

Watu wakapiga kelele za furaha, bwana yangu akacheza mpaka vumbi likapanda. Mtoto wangu hakucheka.

"Mwamuzi, mutumbwi wa kuwachukua ulipaswa kutoka kwa nani?"

"Kwenu. Lakini ile si sheria ya ofisi."

"Ni sheria yetu."

Baba yake akamfuata. "Wee mutoto! Basoda njo wamefunga mto, si sisi. Pokea pointi, funga kinywa. Tukishuka, nani atatupa hata mpira wa kuchezea?"

"Baba, na wao basoda wamewafungia."

Akavua mayo, akaniletea. "Mama, shika."

"Nifue nini? Haina hata jasho!"

"Iweke tu. Tutaivaa siku watafika."

Wenzake wakavua mmoja mmoja, wengine kwa kununa. Beki wetu akasema, "Kapteni, tukishuka, wewe njo utaenda kumueleza mama yangu." Mwamuzi akaona hakuna wa kupokea pointi, akafuta forfe, akaandika kwamba mechi imeahirishwa. Wali tukala sisi wenyewe; bwana yangu alikula amenigeuzia mgongo, kama vile mimi njo nilifunga mto.

Mto ulipofunguliwa, tulituma mtumbwi. Walifika wachache. Majina yao pia ninayo, nikajua nani hayuko. Tukacheza, ikawa sare. Sare haikutosha. Tukashuka.

Mpaka leo hatujapanda. Tuko divizio ya tatu, mjukuu wangu, anayeniita koko, njo golikipa, na mayo anazifua mama yake, maana mgongo wangu umekataa. Alunguli nao walishuka baadaye, kwa hiyo tunakutana kila mwaka. Zamu ikiwa yao ya kupokea, mtumbwi wao unafika huku kwetu asubuhi, vijana wakiwa hawajamaliza chai.

Jumapili iliyopita mwenye kasia wa Alunguli aliniona nimesimama pale kando ya maji.

"Koko, nawe unavuka?"

"Mumepika?"

"Sombe iko."

Nikamupa mkono, akanipandisha.