Tulivyomzunguka Mwalimu Tokie

Nianze na langu, nisije nikaonekana mwema. Kadi ile ilitoka kwenye duka langu la karatasi na madaftari, na mtu wa pili kuiandika nilikuwa mimi. Kwa hiyo nikimsema Mchungaji, au nikimcheka Mzee Anzai, msinisahau na mimi.

Mwalimu Tokie alikuwa mtumishi wa kanisa letu kwa miaka ishirini na sita. Hakuwa mchungaji. Mchungaji Kuzumi anaishi mjini, mwendo wa saa moja na nusu kwa treni, na hutujia Jumapili mbili kwa mwezi theluji ikiruhusu. Siku nyingine zote kanisa lilikuwa ni Tokie. Aliishi kwenye chumba kidogo cha kutosha mikeka sita nyuma ya mimbari, na ukuta wenyewe ulikuwa mwembamba kiasi kwamba akipasha supu yake ya miso, ile ya soya iliyochachushwa, Jumapili asubuhi, sisi tuliimba huku tunameza mate.

Mwezi wa pili kwetu theluji hufika kiunoni. Saa kumi na mbili alfajiri ulimsikia akikwangua ngazi kwa koleo, kwa sababu Bibi Orie, mwenye miaka tisini na moja, alipenda kupita kuomba kabla ya kwenda kliniki. Akitoka hapo alijaza mafuta ya taa kwenye jiko la kupashia ukumbi joto, akaandika matangazo ya Jumapili kwa mkono, akakata mkate wa meza ya Bwana vipande vidogo vya mraba, vyote sawasawa, utadhani alitumia rula. Alasiri alitembelea wagonjwa na wapweke. Asipokaribishwa ndani, alizungumza na mtu palepale mlangoni, viatu miguuni, hata nusu saa.

Na mara nyingi hakukaribishwa. Watu wetu hawana ugomvi na Yesu, ila kila nyumba ina hekalu lake na marehemu wake, na hakuna anayetaka kuwaudhi marehemu. Basi hawakatai. Husema tu, "Nitafikiria." Siku moja aliingia dukani kwangu amelowa mpaka magotini, akaketi karibu na jiko, akaanza kucheka peke yake.

"Kinuyo," akasema, "Yesu waliomkataa walimpigia kelele, 'Msulubishe!' Mimi miaka yote naambiwa, 'Nitafikiria.' Afadhali mwenzangu alipata jibu."

"Mwalimu! Utachomwa moto kwa maneno hayo."

"Kwa baridi hii? Nitashukuru."

Nikampa andazi la maharage matamu, nami nikachukua langu. Alipomaliza kutafuna, akanitazama bila kicheko. "Nawe sikia. Siku mkinichoka, uje uniambie usoni. Usiniache niyasikie mkutanoni kama mgeni. Kufukuzwa naweza. Kufichwa siwezi."

Nikamwahidi. Niliahidi mdomo umejaa andazi, lakini niliahidi.

Huku kwetu mkutano hauamui kitu. Mambo huamuliwa kabla, nyumba kwa nyumba, juu ya chai, kama mtunza bustani anavyolegeza mizizi pole pole kabla ya kuuhamisha mti. Siku ya mkutano ikifika, kazi inabaki kuinua mikono. Mchungaji Kuzumi alianza kulegeza mwezi wa kwanza, na alianzia kwangu, kwa kuwa mimi ni katibu, na kwa kuwa alijua mimi ndiye rafiki yake Tokie. Ukishaupata mzizi mkubwa, midogo haikusumbui.

"Dada Sekido," akaniambia, "mmebaki kumi na watatu, na kijana wenu ana miaka sitini na nane. Kanisa haliwezi tena kubeba mtumishi. Kuanzia mwezi wa nne tutawaletea gari, mje kusali nasi mjini. Hapa tutakuwa tunafungua Krismasi na Pasaka."

"Na Mwalimu anasemaje?"

"Mwalimu tutamwambia kwa wakati wake. Kwa nini aumie mapema? Nimeshampigia mdogo wake kule Akita. Amekubali kumpokea, chumba kiko tayari."

Nilitakiwa nimwambie, "Mchungaji, anza na yeye." Badala yake nikamwongeza chai. Chai ile ndiyo iliyokuwa kura yangu. Wiki mbili baadaye wote kumi na watatu walikuwa wamekubali, na Tokie alikuwa bado anatukwangulia ngazi.

Ndipo likaja wazo la kadi. Ni kadi ngumu ya mraba ambayo kila mtu humwandikia anayeondoka maneno mawili matatu, yakizunguka kama miale ya jua. Mchungaji aliandika katikati: "Asante kwa miaka ishirini na sita." Nikafuata mimi. Kisha nikaitia kwenye jalada la mzunguko, lile tunalopelekeana mlango kwa mlango na matangazo ya kanisa. Ndani yake kuna orodha ya majina. Ukishasoma unapiga muhuri wa jina lako kuonyesha umeona, halafu unampelekea anayefuata.

Orodha ina majina kumi na manne. La kumi na tatu ni Mzee Anzai, la kumi na nne ni Mwalimu Tokie, kisha jalada hurudi kwangu.

Hakuna aliyesema, "Mkifika kwa Tokie, mrukeni." Ungelisemaje? Kulisema ni kukiri tunachofanya. Huku mtu mzima husoma hewa, mwenye macho haambiwi tazama. Kila mmoja wetu alidhani mwenzake ataelewa, na kumi na wawili wakaelewa. Mzee Anzai alikuwa mkuu wa kituo cha reli kwa miaka thelathini na minane. Yeye hasomi hewa, anasoma ratiba. Aliandika maneno yake, akapiga muhuri, akavaa viatu vyake vya theluji na kutumbukiza jalada kwenye sanduku la barua la Tokie.

Jumanne, saa nne asubuhi, kengele ya mlango wa duka ililia. Tokie alikung'uta theluji mabegani kwa utaratibu kabisa, akaweka jalada mbele yangu na kulifungua.

"Mimi ndiye wa mwisho," akasema. "Naona mmeniachia nafasi kidogo hapa chini. Niandike nini?"

Nilishika ukingo wa meza.

"Yako nimeisoma mara tatu," akaendelea. "'Pumzika sasa, rafiki yangu.' Tarehe nane. Tarehe nane, Kinuyo, si ndiyo ulikuja kunisaidia kushona mapazia ya ukumbi? Ulikuwa umeshaniaga?"

"Mwalimu, hatukutaka uumie."

"Hamkutaka? Nyie kina nani?"

"Sote. Mchungaji alisema atakuambia kwa wakati wake. Na pa kwenda pamepatikana, mdogo wako ame..."

Neno lilikuwa limeshatoka. Nikaona uso wake unabadilika. Mpaka hapo alikuwa na hasira, na hasira ilimpa nguvu. Sasa ikamtoka yote.

"Miyo anajua?"

Nikalitazama jalada.

"Nilizungumza naye juzi kwa simu. Tumeongea habari za figili. Saa nzima tunaongea habari za kukausha figili, naye anajua!" Akaketi, si kwenye kiti chake cha karibu na jiko, bali kwenye kile cha wateja. "Hivi nilikuwa naishi na nani mimi?"

Kikulacho ki nguoni mwako. Hakulisema yeye, nalisema mimi, maana aliyekuwa nguoni mwake ni mimi.

Kisha akatoa karatasi mfukoni, imekunjwa mara nne. Ilikuwa mwandiko wake. Alikuwa ameitayarisha kwa ajili ya mkutano wa mwaka. Aliandika kwamba ameona hesabu ya watu, kwamba si haki tuzidi kumbeba, na kwamba anaomba mwaka mmoja tu amuage kila mgonjwa nyumbani kwake, kisha yeye mwenyewe afunge mlango wa kanisa. Nikaisoma yote. Sikuwa na pa kuweka macho yangu.

"Mngeniuliza ningekubali," akasema. "Ndicho kinachoniua. Mlikuwa mnavunja mlango ulio wazi."

Akachukua muhuri wake mkobani, akaugusisha kwenye wino mwekundu uliokuwa mezani pangu, akaubonyeza juu ya kadi, chini kabisa, palepale tulipomwachia. Iwamura. Jina lake la ukoo, jekundu, wima. Hakuandika neno. Kwa desturi yetu muhuri huo maana yake ni moja tu: nimeona.

Alipotoka nilimwita Mzee Anzai, nikamfokea kama mtoto. "Mzee, umefanya nini! Umempelekea mtu kadi ya kumuaga yeye mwenyewe!"

Akavaa miwani, akapitisha kidole kwenye orodha. "Jina lake lipo?"

"Lipo, lakini..."

"Muhuri wake si huu hapa kwenye kadi? Orodha imetimia. Nionyeshe kosa liko wapi, Bi Sekido." Akangoja kwa dhati kabisa nimwonyeshe.

Nikampigia Mchungaji. Hakuuliza Tokie yu hali gani. Aliuliza kama kadi inaweza kuandikwa upya. Nikamwambia haiwezekani. Wawili wako hospitali, na Bibi Orie, aliyeandika "Tutaonana kule" kwa mkono unaotetemeka, amefariki wiki hiyohiyo. Basi akasema, kwa sauti ile ya upole inayomfanya mtu ashindwe kukataa: "Dada Sekido, wewe ni fundi wa karatasi. Hakuna namna ya kuipamba kidogo pale chini?"

Namna ilikuwepo. Nilikata ua la plamu kutoka karatasi nzuri kabisa niliyo nayo, petali tano, nikalibandika juu ya muhuri. Nilifanya kazi safi. Kwa miaka mingi sikuwa nimekata ua zuri kama lile, na mpaka leo mikono yangu inanitia kinyaa nikikumbuka ilivyotulia.

Mkutano ulifanyika Jumapili ya tatu ya mwezi wa tatu, baada ya ibada. Mchungaji alisoma pendekezo, akauliza kama kuna mwenye neno. Jiko lilikoroma. Nilimtazama Tokie, nikiomba atoe ile karatasi yake na kutuaibisha sote, maana aibu ingekuwa nafuu. Hakuitoa. Mchungaji alipoomba mikono, wa kwanza kuinua alikuwa yeye. Tukainua na sisi. Dakika kumi na mbili, kila kitu kimekwisha.

Kisha Mchungaji akaileta kadi, akamkabidhi kwa mikono miwili. Tukapiga makofi. Tokie akaipokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa kama inavyopasa, na sote tukashusha pumzi. Tulidhani tumeponea chupuchupu.

"Ningependa kumshukuru kila mmoja," akasema.

Akaanza kutuita kwa majina, kufuata maandishi, akiigeuza kadi taratibu. Kila aliyetajwa aliinuka, akainama, akaketi. Jina langu lilipofika hakuniita Kinuyo. Aliniita Bi Sekido, kwa heshima zote, kama anayelipa madaftari. Akamtaja hata Bibi Orie, na mwanawe akainuka kwa niaba yake. Alipofika chini, kidole gumba chake kikasimama juu ya ua.

"Na hapa je?" akauliza. "Hapa naona ua tu. Aliandika nani?"

Nilijua lazima nijibu mimi. Mchungaji alinitazama, kila mtu akanitazama. Nikayatazama magoti yangu. Nilimkana kwa mara ya tatu, na mara hii mbele ya macho yake.

Kiti kikalia nyuma. Mzee Anzai alikuwa amesimama, miwani puani, anashangaa kwamba watu wazima wote hawa hawajui jambo rahisi namna hiyo.

"Hapo ni pako, Mwalimu," akasema. "Ulipiga muhuri wako, niliuona kwa macho yangu. Wameubandikia karatasi juu."

Mchungaji akageukia dirisha.

"Asante, Mzee Anzai," akasema Tokie. "Nilikuwa sijakushukuru. Watu wote humu walikuwa na habari yangu, na aliyeniletea ni wewe peke yako."

Akamgeukia, akamwinamia, chini kabisa, mpaka nywele zake nyeupe zikamwangukia usoni. Mzee naye akamwinamia. Sisi wengine tulikuwa tumeshainamisha vichwa kungoja zamu yetu ya kuinamiwa, na tulipoviinua alikuwa ameingia chumbani kwake na kufunga mlango.