Jani la Mnyapara

Mwaka wa 1957, ukitoka Ruiru kuelekea Thika kisha ukapinda upande wa Kalimoni, ungetembea katikati ya mkonge mpaka macho yachoke. Mistari kwa mistari, haina mwisho, na kila jani lina mwiba wake nchani. Ndani kabisa ya shamba hilo kulikuwa na stoo ya mabati, zamani ya kuwekea kamba, na ndani ya stoo kulikuwa na darasa la nne. Mbele ya darasa alisimama Mwalimu Musau, kijana mwembamba wa kutoka Ngoliba, kaptura yake imepigwa pasi ya makaa hadi mstari wake ungeweza kukata mkate.

Kitu ambacho Musau alikipenda kuliko vyote kilikuwa daftari lenye jalada jeusi. Humo alikuwa amenakili azimio la kazi, yaani ile orodha iliyoletwa kutoka Thika ya kusema wiki hii fundisha hili na wiki ijayo fundisha lile. Alikuwa hajachelewa hata wiki moja kwa miaka mitatu. Wiki ya kuzidisha ikifika, watoto waliimba kuzidisha: mara mbili, mara tatu, mpaka mara kumi na mbili, na mabati yakatetemeka. Wimbo ukiisha, Musau alitia alama ya vema kwenye daftari akafungua ukurasa mwingine.

Hapo tu ndipo palikuwa na shida. Watoto waliimba vizuri kama kwaya, lakini mtihani wa mwisho wa darasa la nne, ule wa kuchagua nani aende darasa la tano Thika, uliwamaliza. Mwaka uliopita walifanya ishirini na mmoja wakapita wawili. Meneja wa shamba naye alikuwa anaitaka stoo yake. Alisema wazi kwamba wasipopita kumi mwaka huu, darasa linafungwa, kamba zinarudi, na watoto wanajua njia ya kwenda kukata mkonge. Musau aliyasikia hayo, akaongeza nusu saa ya kuimba kila asubuhi.

Mwezi wa nane akaja supavaiza wa shule, Bwana Kagwe, juu ya baiskeli, na bahasha kwenye kikapu. Kagwe alikuwa mtu wa haki lakini hakuwa mtu wa kucheka. Alileta mtihani wa majaribio ambao alikuwa ameutunga mwenyewe. Alimweleza Musau kwamba alikuwa amechoka na maswali ya treni na matufaha, vitu ambavyo watoto hawa hawajawahi kuviona, kwa hiyo safari hii ameuliza juu ya mkonge. Hata mtoto mzito wa kuelewa, alisema, mkonge anaujua.

Watoto kumi na tisa waliandika. Kagwe akasahihisha papo hapo, kwenye meza ya mwalimu, kwa penseli nyekundu. Alipofika swali la nne, penseli ikasimama. Swali lilikuwa hivi: mkataji amefunga mafungu sita ya mkonge, kila fungu lina majani thelathini, je, amekata majani mangapi?

Karatasi ya kwanza ilisema mia moja themanini na sita. Ya pili, mia moja themanini na sita. Ya tatu hivyo hivyo. Kagwe akazipanga zote mezani kama mtu anayecheza karata. Kumi na nane zilisema mia moja themanini na sita. Moja tu ilisema mia moja themanini, nayo ilikuwa ya Fatu, binti wa mwenye duka la shamba.

Swali la saba lilikuwa la mafungu manane, na huko pia watoto kumi na nane walikuwa wamekosea pamoja, kwa jibu lile lile: mia mbili arobaini na nane.

Kagwe alimwita Musau nje, kando ya ukuta. Alimwambia kwa sauti ya chini kwamba watoto wakikosa kila mmoja kivyake, hao ni watoto. Lakini wakikosa wote neno moja, kuna mtu amewapa jibu bovu. Angerudi Jumatatu. Kama hatapata maelezo, ataandikia Thika kwamba darasa hili linaibia mitihani, na mwezi wa kumi na moja halitaruhusiwa kufanya mtihani wenyewe.

"Mimi sijawapa kitu, Bwana Kagwe," Musau alisema.

"Basi nani amewapa?"

Musau alirudi ndani na fimbo mkononi. Aliuliza nani aliyeanza kuwapa wenzake jibu. Aliuliza mara ya pili. Watoto walitazama miguu yao, na mbaya zaidi ni kwamba hawakuonekana kuogopa sana. Walionekana kushangaa tu. Akaiweka fimbo juu ya dirisha. Akamwita ubaoni Njambi, msichana wa miaka kumi na mitatu ambaye mama yake alikuwa mkataji, akamwambia aandike sita mara thelathini.

Njambi aliandika mia moja themanini kabla chaki haijatulia.

"Sasa mafungu sita ya majani thelathini."

Akaandika mia moja themanini na sita, bila kusita, akapangusa mikono.

Musau alitazama ubao. Hesabu ni ile ile, mkono ni ule ule, majibu mawili. Akamuuliza polepole, kama mtu anayeuliza njia ugenini, hiyo sita ya mwisho imetoka wapi.

Njambi akamtazama kwa huruma. "Na jani la mnyapara, Mwalimu? Hilo utamwachia nani?"

Darasa zima likacheka, Fatu peke yake akiwa hajui wanacheka nini. Musau naye hakujua. Miaka mitatu alikuwa amelala hatua mia mbili kutoka mistari ya kwanza ya mkonge, na hakujua.

Jumamosi, jua likiwa bado changa, alikwenda kuona. Mama Njambi alikuwa amekwisha kuanza, kisu kinapita chini ya majani kama kinapita kwenye siagi, na Njambi nyuma yake anakusanya. Mama Njambi alimsalimu bila kusimama, akamtania kwamba leo mwalimu amefukuzwa darasani. Halafu akamwonyesha. Fungu ni majani thelathini. Hiyo ni sheria ya shamba. Lakini mnyapara, msimamizi wa wakataji, akipita huvuta jani lolote asilolipenda, fupi au lenye doa, akalitupa. Fungu likibaki na ishirini na tisa analikataa lote, na jasho lako limekwenda bure. Ndiyo maana kila mkataji, tangu zamani, hufunga thelathini na moja. Hilo moja ni la mnyapara, alivute asilivute. Mtoto wa mkonge hujifunza hivyo kabla hajajua kufunga kifungo cha shati.

"Leo kazi yenu ni mafungu mangapi?" Musau aliuliza.

"Sabini," Mama Njambi alisema.

"Elfu mbili mia moja na sabini," Njambi akasema nyuma yake, akiwa ameinama, hata hakuinua kichwa.

Musau akatoa penseli, akainama juu ya goti lake, akazidisha sabini mara thelathini na moja kwa njia ndefu, akibeba huku na kujumlisha kule. Ilikuwa elfu mbili mia moja na sabini. Akamuuliza amefanyaje. Njambi akasema ni rahisi: unachukua ya shamba, elfu mbili na mia moja, halafu unaongeza ya mnyapara, moja kwa kila fungu, sabini. Akaendelea kukusanya.

Musau alibaki amesimama pale. Hebu fikiria. Hesabu ya namna hiyo, ya kuvunja namba na kuiunga tena, ilikuwa kwenye azimio lake ukurasa wa mwisho, na kila mwaka aliifikia akiwa na hofu kwamba watoto hawataiweza. Kumbe walikuwa wanaifanya kila Jumamosi, wameinama, kati ya miiba. Alitazama mistari ile mirefu, na kila baada ya mistari michache aliona kichwa cha mtoto wa darasa lake. Alihisi ule udogo unaompata mtu akiinua macho usiku na kuona nyota ni nyingi kuliko alivyodhani. Hakuna aliyemwibia mtu jibu. Watoto kumi na nane walikuwa wamefikiri sawasawa, na yeye hakuwa amewahi kuwauliza wanafikirije.

Jumatatu Kagwe alipofika, Musau hakumpeleka darasani. Alimpeleka kwa Mama Njambi. Kagwe alisikiliza akiwa ameshika baiskeli, akaomba fungu moja, akalihesabu mwenyewe jani kwa jani. Thelathini na moja. Akalihesabu tena.

"Niliuliza amekata mangapi," alisema mwishowe.

"Ndiyo, Bwana."

"Basi wao ndio wamepata. Fatu na mimi ndio tumekosa."

Ile barua ya Thika haikuandikwa. Lakini Kagwe, kabla ya kupanda baiskeli, alisema jambo lililomkaa Musau kifuani: mtihani wa mwezi wa kumi na moja utasahihishwa na watu ambao hawajawahi kufunga fungu hata moja, nao hawatakuja kumuuliza Mama Njambi.

Jioni hiyo Musau alifungua daftari jeusi, akapiga mistari miwili kutoka juu hadi chini, ukurasa ukawa na sehemu tatu. Katika ya kwanza aliandika kile mtoto anachotakiwa aweze kufanya. Ya pili, kazi gani itamfikisha hapo. Ya tatu ilimtoa jasho: mimi nitajuaje kwamba ameweza? Aliona kwamba kwa miaka mitatu ile ya tatu alikuwa akiijaza kwa alama ya vema tu, kwa sababu wimbo umeisha. Azimio lilikwenda njia yake, wimbo njia yake, na mtihani ukaja kwa njia nyingine kabisa. Watoto walikuwa wameachwa katikati.

Kuanzia hapo nyimbo zikapungua. Watoto walitunga maswali ya mkonge, ya maji, ya kuni, wakapeana, na kabla ya kujibu ilikuwa lazima mtoto aseme aliyeuliza anataka kujua nini: kilichokatwa, au kinachokubaliwa? Walibishana mpaka mabati yakatetemeka tena. Kila Ijumaa Musau aliwapa maswali machache, na sehemu ya tatu ya daftari haikupata vema mpaka ameona kwa macho yake. Wiki nyingine ilimbidi arudi nyuma, na orodha ya Thika ikamtangulia kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alikosa usingizi kwa ajili hiyo, lakini alirudi nyuma.

Siku ya mtihani bahasha ilifunguliwa, karatasi zikagawanywa. Musau alikatazwa kusema, alisimama tu kwenye dirisha. Mara akaona vichwa vinainuka, kimoja baada ya kingine, vinamtazama, kisha vinarudi chini vikiwa na tabasamu. Hakuelewa mpaka karatasi zilipokusanywa akasoma moja. Swali la tano lilisema hivi: mkataji ana mafungu tisa, na kila fungu, baada ya mnyapara kupita, lina majani thelathini kamili, je, ana majani mangapi?

Alijua ni mkono wa Bwana Kagwe ulioyatia maneno yale. Karatasi hiyo ilikuwa ya wilaya nzima, mpaka kwa watoto wa kahawa wa Ruiru ambao huenda walijiuliza mnyapara amefuata nini humo.

Majina yalikuja mwezi wa kwanza. Waliopita walikuwa kumi na watatu, wa nne akiwa Njambi na wa sita Fatu. Meneja alisoma orodha mara mbili, kisha akatia mfukoni kufuli mpya aliyokuwa ameileta kufungia stoo. Mama Njambi alipita stoo akitoka kazini akaweka mlangoni fungu la mkonge lililofungwa vizuri, na Musau alipolihesabu alikuta thelathini na mawili: thelathini ya shamba, moja la mnyapara, na moja la mwalimu.